Waya wa Kijani Ulioishia Ukutani

Mlowo, Jumamosi alasiri

Sekela, mama,

Wewe na mama yako mmeenda Hasamba kumuaga bibi, na mimi nimebaki hapa kwa kisingizio cha kufunga tranka lako. Tranka nimelifunga zamani. Kazi iliyonibakiza nyumbani ni hii. Nimekaa mezani tangu mvua ilipoanza kupiga mabati, nimeshachana karatasi mbili, na hii ya tatu nitaimaliza hata ikitoka vibaya, maana basi la kesho halitanisubiri.

Sitakuandikia habari za kufua sare mapema wala za kuficha sabuni. Hayo mama yako amekwambia mpaka umeyakariri. Nataka kuandika juu ya duka la Mama Elika. Mwaka jana tumezunguka nyumba nyingi pamoja, tumekula mahindi ya kuchoma kando ya barabara, na kuna siku tulicheka hadi watu wakatugeukia. Lakini jambo lile lenyewe hatujawahi kukaa tukaliongea. Wewe hukuuliza, nami nilishukuru kwamba hukuuliza. Na kadiri nilivyoshukuru ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Nianze na kitu usichokijua.

Hapa watu wananiita fundi, na wewe umekua ukisikia hivyo. Mimi niliacha shule kidato cha pili, darasa lile lile ulilomaliza juzi. Nikaenda Tunduma kwa fundi mmoja aliyekuwa akifunga umeme kwenye maduka ya karibu na mpaka. Kwake nilijifunza kwa macho. Mwekundu unaingia hapa, mweusi hapa, wa kijani pale. Siku moja nikamuuliza, "Huu wa kijani kazi yake nini? Mbona hata nikiuacha taa inawaka?" Alinigonga vidole kwa plaizi, akasema, "Fundi haulizi. Fundi anafunga." Wenzangu wakacheka. Sikuuliza tena.

Kwa hiyo miaka yote uliyoniona juu ya ngazi, nilikuwa nafunga waya wa kijani kwa sababu niliona ukifungwa, na uliponisumbua niliuacha. Nilijua unaitwa ethi, na kwamba mwisho wake hufungwa kwenye fimbo ya shaba inayopigiliwa ardhini. Unazuia nini, sikujua. Niliona aibu kutojua, na aibu hiyo niliifunika kwa sauti kubwa na utani. Mtu wa namna hiyo akipewa mtoto anayeuliza, hali haiwezi kuwa nzuri.

Unakumbuka Baba Elika alipoongeza chumba cha duka mbele ya nyumba yake. Ilikuwa mwezi wa pili, Jumamosi, ukaja nami kubeba begi la vifaa na kunishikia ngazi. Alikuwa amemwaga saruji kuanzia ndani mpaka kibarazani, imekauka vizuri, inang'aa. Ili nipigilie ile fimbo ilibidi nivunje kipande cha saruji, naye hakutaka. Nami nilikuwa na haraka zangu. Jumatatu nilitakiwa Tunduma kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Basi nikaukata waya wa kijani, nikausukumia ndani ya kisanduku cha ukutani, nikafunika. Moyoni nikasema nitarudi.

Kabla sijakaza skrubu ya mwisho, ulisema, "Baba, huu wa kijani umeishia hapa. Hauendi chini."

Baba Elika aligeuka. Mama Elika, aliyekuwa akipanga biskuti kwenye rafu, naye akageuka. Nikaona macho yao yote yako kwangu.

Nikacheka. "Huyu naye! Akiona waya anadhani ni uzi wa kusukia nywele."

Walicheka. Wewe ulibaki umeshika testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kupimia umeme, unaniangalia. Ungelia ingekuwa afadhali. Ukasema tena, kwa sauti ndogo, "Lakini friji ni bati, baba. Umeme ukivuja kwenye bati, utapita wapi?"

Nikakuambia utoke ukanisubiri nje.

Mwanangu, siku ile sikukucheka kwa sababu umekosea. Nilikucheka kwa sababu umeuliza swali nililogongwa vidole kwa ajili yake, na baada ya miaka ishirini bado sikuwa na jibu. Hilo nimelijua baadaye. Siku ile nilijiona tu kama mzazi anayemnyoosha mtoto.

Kesho yake tulipotoka kanisani ulinijia na sururu begani, bado umevaa gauni la Jumapili. Ukasema twende tukavunje kidogo tu, utachimba mwenyewe, na saruji utairudishia mpaka Mama Elika asione alama. Mama yako alikuwa anamenya viazi. Nikakujibu kwa ukali hata yeye akaacha kumenya. Nilisema, "Usinisahihishe mbele za watu. Mtoto wa kike na umeme wapi na wapi? Soma, pata cheti, kaa ofisini." Ukairudisha sururu ukutani. Jumatatu alfajiri nikapanda gari la Tunduma.

Yaliyotokea wiki tatu baadaye nimesimuliwa na watu wengi, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye ni wewe. Nitayaandika kama nilivyoyasikia. Nikikosea, utanisahihisha.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mama Elika alikuwa amedeki duka, yuko peku, sakafu mbichi. Dereva mmoja wa bodaboda aliingia na koti lake la mvua akaomba soda ya baridi. Mama Elika akashika mpini wa friji, na mkono ukaganda pale pale. Hakuweza kupiga kelele wala kuuachia. Yule dereva alidhani ni kifafa, akanyoosha mikono miwili amkamate kiunoni.

Wewe ulikuwa mlangoni, umetumwa chumvi.

"Usimguse! Utakufa na wewe!"

Wanasema sauti yako ilifika mpaka kwenye malori yaliyoegeshwa ng'ambo ya barabara. Dereva akarudi nyuma. Ulipita pembeni yake, ukapanda juu ya kreti za soda, ukaingiza mkono nyuma ya rafu ya biskuti ambako swichi kubwa ilikuwa imejificha, ukaivuta chini. Duka likawa giza. Mama Elika akaanguka, na kwa muda hakuna aliyejua kama yuko hai. Wewe ndiye uliyepiga magoti, ukaweka sikio lako karibu na kinywa chake, ukasema, "Anahema."

Mtu yeyote mwingine angetafuta swichi ile mpaka mwanamke afe. Wewe ulijua ilipo kwa sababu nilipokuwa naifunga ulikuwa umenishikia ngazi.

Simu ilinikuta Tunduma, juu ya dari la ile nyumba ya wageni. Nilipata lifti ya lori la mbolea. Na hapa, Sekela, nakuandikia jambo ambalo hata mama yako sijamwambia. Njia nzima kuja Mlowo, hofu yangu ya kwanza ilipaswa kuwa Mama Elika. Haikuwa yeye. Nilikuwa najiuliza, huyu mtoto ameshasema?

Hukuwa umesema. Nilikukuta nyumbani umekaa kitako jikoni, bado umeshika noti ya chumvi. Nikakupa pole. Nikakusifu. Nikauliza, kana kwamba nauliza habari ya hewa, "Kuna mtu amekuuliza kitu?" Ukatikisa kichwa. Ukaniangalia kwa namna iliyoonyesha umeelewa kila kitu, na mimi nikajidai sijaona.

Siku ya pili mwenyekiti wa kitongoji aliita watu kibarazani kwa Baba Elika. Mama Elika alikuwa bado hospitali Vwawa, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Baba Elika alikuwa amekonda kwa siku mbili kama mtu aliyeugua mwezi. Nikafungua friji mbele yao, nikaonyesha waya wa ndani uliochubuka. Nikasema, "Friji ya mtumba, ndugu zangu. Imechakaa ndani. Hapa fundi yeyote asingejua." Na kweli waya ulikuwa umechubuka. Uongo wangu uliwaingia watu kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Ile nusu nyingine ilikuwa ukutani, ndani ya kisanduku, hatua mbili kutoka mahali niliposimama.

Mwenyekiti akakugeukia. Alikuwa na nia njema. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyemwokoa Mama Elika, na siku ya kufunga umeme ulikuwepo. Uliona tatizo lolote?"

Uliniangalia. Baba Elika naye alikuangalia. Sijui kama alikumbuka utani wangu wa nywele. Nilikutazama tu, hivi, kama ninavyokutazama mgeni akija na nataka ukae vizuri.

Ukasema, "Sijui."

Nimeyasikia maneno mengi mabaya katika maisha yangu, mengine nimeyasema mwenyewe. Hakuna lililonikaa kama hilo. Wakati ule lakini nilishusha pumzi. Nakuandikia ujue: nilishusha pumzi.

Baada ya hapo ulibadilika kidogo kidogo, na mtu asiyetaka kuona angeweza kusema umekua tu. Testa uliirudisha kwenye begi langu. Redio ya bibi uliyokuwa umeifungua ukaifunga bila kuitengeneza. Ukaanza kusema unataka kwenda Tunduma kwa shangazi ujifunze kushona. Mama yako aliuliza, "Huyu mtoto amepatwa na nini?" Nikasema wasichana wa umri huo ndivyo walivyo. Alinitazama, akachukua ndoo yake akaondoka.

Mwezi wa nane Mwalimu Atupele alikuja nyumbani. Unajua alivyo mwalimu wenu wa fizikia, hapitishi maneno pembeni. Hakukubali hata kukaa.

"Baba Sekela, mwanao ameacha kunyoosha mkono darasani. Nikimuuliza anasema hajui, na najua anajua. Leo ameandika mchepuo wa kidato cha tatu, fizikia amekata, kemia amekata. Darasa lile lina wasichana watatu wanaoiweza fizikia. Wawili walishaacha. Nimekuja kuuliza huyu amefanywa nini."

Hakusema amekuwaje. Alisema amefanywa nini. Nikamwambia nitaongea na wewe.

Nilikukuta nyuma ya nyumba unaanika kahawa, unageuza punje kwa mkono. Nikakuuliza kwa nini umekata fizikia. Hukunitazama. Ulisema, "Fizikia inanifanya nijue vitu, baba. Nikijua, inabidi niseme. Nikisema, nyumbani kunaharibika. Bora nishone."

Ukaendelea kugeuza kahawa.

Umri wako miaka kumi na minne, na ulikuwa umeshapanga maisha yako yote kwa hesabu hiyo moja, ili mimi niendelee kuitwa fundi.

Sikwenda kwa Mama Elika siku hiyo. Ningependa kukuandikia kwamba nilikwenda papo hapo. Nilikwenda siku ya nne. Siku tatu nilipita mbele ya duka lile na kichwa chini. Siku ya nne nikaingia. Alikuwa nyuma ya meza, anahudumia kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia havikunjiki mpaka leo. Nikamwambia yote, waya, saruji, safari ya Tunduma, utani, kibarazani. Nilitegemea alie au anitukane.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Kwa hiyo mtoto aliyeniokoa ndiye uliyemfunga mdomo."

"Ndiyo."

"Sitaki uniombe msamaha hapa dukani tukiwa wawili. Uongo ulikuwa mbele za watu. Rudi mbele za watu wale wale."

Baba Elika alikuwa mlango wa nyuma, amesikia. Alichukua kofia yake akatoka, na kwa miezi miwili hakunisalimia. Sasa ananisalimia, lakini kwa kichwa tu. Sidhani kama itakuja kuzidi hapo, na sina haki ya kudai zaidi.

Siku ile ya pili ya kibarazani hukuwepo, nilikuomba ubaki nyumbani. Nilifanya kosa hapo pia. Nilisema ni kwa ajili yako, kumbe sikutaka unione. Nilifungua kile kisanduku, nikauvuta waya wa kijani mbele ya macho yao, ukatoka mfupi kama kidole. Nikasema mtoto wangu aliuona siku ya kwanza, akasema, akataka kuchimba kwa mikono yake, na mimi nikamcheka. Na aliposema hajui, ni mimi niliyemfanya aseme hivyo. Mwenyekiti hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja, "Umefunga umeme nyumba ngapi?" Nikaona watu wanaanza kuangalia mapaa yao.

Yule mwenye nyumba ya wageni Tunduma alisikia kabla wiki haijaisha, akatafuta fundi mwingine. Wengine hapa Mlowo wakaacha kunipigia simu. Mwenyekiti akaagiza kila nyumba niliyowahi kufunga ipimwe, na ofisi ya umeme ikataka orodha. Nikaiandika orodha. Nilipofika kwenye kuanza kazi yenyewe nikajikuta siwezi. Mita ya kupimia nyaya ninayo, lakini niliogopa macho yangu. Macho yangu yalikuwa yamezoea kuona kila kitu kiko sawa.

Ndipo nikakuomba. Ulikuwa unaosha vyombo. Ulimaliza sufuria kwanza. Ukasema, "Nitashika mita. Lakini nitakachosoma nitakisema, hata mwenye nyumba akiwa amesimama pale. Hata ukinitazama vile."

Vile. Kwa hiyo ulikuwa umeuona ule mtazamo wangu, na hukuwa umeusahau.

Nikasema sawa.

Unakumbuka Hasamba, kwa yule mzee mwenye mibuni mizuri. Wewe ukitembea na mita kutoka soketi mpaka soketi, mimi nikiwa nje na sururu. Alituangalia weee, mwisho akauliza, "Kwani fundi hapa ni nani?" Nilijibu, "Mimi nachimba, mzee. Anayepima ni huyu." Nilidhani itaniuma kusema hivyo. Iliuma kidogo tu, kama mwiba unapotoka.

Na pale pale chini ya upenu wake ulinichorea kwa kijiti kwenye vumbi. Umeme unatafuta njia nyepesi, ulisema. Bati likivuja na waya wa kijani upo, utapita huko, utashuka ardhini, na fyuzi itakatika. Waya usipokuwepo, unasubiri mtu. Ulisema hivyo hivyo, unasubiri mtu. Nikakaa na sentensi hiyo njia nzima. Miaka ishirini nilikuwa natembea kutoka nyumba hadi nyumba nikiacha kitu kinachosubiri mtu.

Lakini siku ninayoiota ni ya Ikinga, kwa yule mwalimu mstaafu. Tulikuwa tumepanda pikipiki kutwa, nimechoka, nataka tumalize turudi Mlowo kabla ya giza. Wajukuu wake wanne walikuwa uani wanarusha mpira wa matambara kwenye geti la bati. Nilikuwa nimefunga taa juu ya geti lile, mwaka mmoja kabla. Nikanyoosha mkono nilisukume.

"Baba, simama."

Hukupiga kelele. Ulisema kawaida kabisa, macho yako kwenye waya za ile taa, mwekundu na mweusi tu, hakuna wa kijani. Nami nilisimama, mkono wangu ukiwa umebakiza kama shubiri moja kufikia lile bati. Mpira ukagonga geti, ukadunda kwenye majani mabichi. Mtoto mdogo kuliko wote, yule wa gauni la njano asiye na viatu, akaanza kuukimbilia. Ulimdaka kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ukaigusisha testa kwenye bati. Ikawaka.

Nilikimbilia ndani kuzima swichi. Nilipotoka nilikukuta umekaa chini na mtoto bado umembeba. Yule mwalimu mstaafu alikuja akauliza kuna nini, nami nikamwambia ukweli wote, kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla hajakuuliza wewe. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Sijui kama uliliona hilo. Mimi nililiona.

Sasa, kesho unaondoka. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani ulimrudishia Mwalimu Atupele karatasi ya mchepuo, hukuniambia umeandika nini. Nilikuja kujua siku majina ya waliochaguliwa shule ya wasichana ya huko Iringa yalipobandikwa, fizikia, kemia, hesabu, na jina lako la nne kutoka juu. Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nilitoka nje. Ulidhani nimekasirika. Nilitoka kwa sababu sikujua, na mpaka sasa sijui, kama unaenda au unanikimbia. Ukiwa unanikimbia, kimbia, lakini nenda huko huko.

Huko utakutana na watu watakaokucheka. Labda msichana mwenzako, labda mtu mkubwa mwenye koti jeupe. Mimi nilikuwa mmoja wao, basi nikuambie siri yao: mara nyingi anayecheka haraka hivyo ameona shimo mbele yake mwenyewe. Sisemi umdharau. Wengine wanaogopa tu, kama nilivyoogopa. Ila swali lako usiliache mikononi mwake.

Na kuna siku wewe ndiye utakayekosea. Utaunganisha kitu, utaapa kiko sawa, na mtoto mdogo kuliko wewe atakuja kusema hakiko sawa. Utasikia joto linapanda shingoni. Mimi nalijua joto lile. Sikupewa muda mrefu wa kuchagua, ni kama kupumua mara mbili tu, na katika muda huo nilichagua vibaya, na mwanamke aliyekuwa akiniuzia sukari hawezi kukunja vidole. Sina zaidi ya kukuambia hapo.

Juzi mama yako aliniuliza kwa nini unalala na uso ukutani kila inapotajwa habari ya ile siku ya kibarazani. Anadhani ni kwa sababu ya Mama Elika kugandishwa na umeme. Mimi nadhani ni lile neno. Nadhani unahesabu kwamba ulidanganya mbele za watu, mtoto wa kanisani, na kwamba uongo ule ni wako. Hatujawahi kuuzungumzia, na siwezi kukusindikiza kituoni kesho nikiwa nimekaa kimya tena.

Neno lile si lako. Nililitia kinywani mwako kwa macho yangu. Nimeshalisema mbele ya mwenyekiti, mbele ya Baba Elika na mbele ya Mungu, na sasa nalisema mbele yako, na hapa ndipo nilipopaswa kuanzia. Nisamehe, Sekela. Usinijibu kesho kituoni, watu watakuwa wengi na mama yako atalia. Unaweza kukaa nalo mwaka mzima. Unaweza pia kukataa.

Mvua imepungua, nasikia bodaboda inapanda kilima, huenda ndio nyinyi. Nimalize.

Hali yangu ya sasa unaijua nusu. Unajua ofisi ya umeme imesema nisiguse nyumba ya mtu mpaka nipate cheti. Usichojua ni kwamba nimejiandikisha chuo cha ufundi, darasa la jioni, naanza Jumatatu. Nilipokwenda kujiandikisha nilikaa kwenye benchi na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Mmoja akaniuliza, "Mzee, umemleta mtoto?" Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Walicheka, nami nikabaki nimekaa.

Walinipa karatasi ya majaribio. Maswali kumi na mawili ya fizikia. Nimepata manne.

Kwa hiyo nina ombi, na ukilikataa sitanuna. Yale madaftari yako ya fizikia ya kidato cha kwanza na cha pili nimeyaona chini kabisa ya tranka, umeyafunga kwa kamba. Sijayagusa, ni yako. Lakini kama kesho utaweza kuniachia hata moja, lile la umeme, nitalitunza. Pale nisipoelewa nitaweka alama ya kuuliza kwa penseli, na kila mwisho wa mwezi nitakuandikia maswali yangu. Utanijibu ukipata nafasi.

Ni baba yako.